Jinsi Sungura Alivyopoteza Sauti

Nyinyi mnaomfungia sungura mmoja ndani ya tenga na kusema mnafuga, kaeni chini msikie. Sungura hakuumbwa bubu. Zamani alikuwa na sauti nyembamba, tamu, na kutwa nzima aliitana na mwenzake.

Huko milimani Upare, mwanamke aitwaye Nakiete alifuga wawili, jike na dume. Walilala wamebanana, wakilambana masikio, na mmoja hakugusa majani mpaka mwenziwe afike. Nakiete aliwapenda, wala hakuona haya kusema hivyo.

Siku moja, yeye akiwa shambani, mumewe, Baba Kiure, alipata mgeni. Kwao mgeni haondoki mikono mitupu. Kuku walikuwa wametawanyika, na kukimbiza kuku ni kazi kwa mtu mvivu; akaingiza mkono bandani, akamtoa dume, akampa mgeni. Tena akajisifu moyoni kwamba jike sasa atapata nafasi ya kutosha na majani yote.

Nakiete aliporudi alimkuta jike anaita. Aliita mpaka kukapambazuka, akaendelea kuita, majani yakanyauka mbele yake. Nakiete, aliyekwisha kuambiwa kwamba dume kapewa mgeni, akamgeukia mumewe kwa hasira.

"Kwani ana shida gani? Si analishwa?" mumewe akauliza.

"Baba Kiure, nikikufungia chumbani na chungu cha makande, mimi nikaenda zangu kwetu, utashiba?"

Hakungoja jibu. Alijifunga kibwebwe, akapanda mlima hadi kwa yule mgeni. Alimkuta dume amejikunyata pembeni, amekonda, koo limemkauka kwa kuita. Akambeba, akaondoka bila kuaga. Kwao huko kutoaga ni tusi, naye alikusudia liwe tusi.

Walipokaribia nyumbani, jike alinusa harufu ya mwenzake. Akafungua kinywa amwite. Hapakutoka kitu. Sauti ilikuwa imekwisha yote. Kwa uchungu na ghadhabu akainua mguu wa nyuma, akaupiga chini: du! Dume naye, koo tupu, alipowekwa chini akajibu: du!

Na tangu siku hiyo sungura hana sauti, ana mguu tu. Na kwa akina Nakiete, anayegawa sungura hugawa wawili. Basi ukimsikia wako akipiga mguu peke yake ndani ya tenga, usicheke ukasema anacheza ngoma. Anaita, hakuna wa kumjibu, na aliyemfanyia hivyo ni wewe.