Umande wa Mzee Ngiri

Mpo? — Tupo, na masikio tumekuja nayo.
Nianze? — Anza, wala usipunguze.

Kwanza nitubu. Niliwahi kumnyooshea mkono wa kura mwenyekiti wa kisima chetu bila kusikia alichosema, maana chai yangu ilikuwa inapoa. Mola anisamehe. Sasa sikilizeni.

Ukame uliposhika, wanyama walikusanya viazi vyao vyote, wakatafuta mtunzaji. Kura walipiga kwa kusimamisha mkia. Mikia ikasimama, Mzee Ngiri akapita: atunze viazi shimoni mwake mpaka mvua inyeshe, kisha avigawe na zamu yake iishe. Bi Pimbi hakuhesabiwa, kwani hana mkia. Lakini viazi vya wanawe watatu vilikuwamo.

Mvua ikanyesha. Pwa, pwa, pwa. Ngiri akatoa pua shimoni, akatangaza kuwa huo ni umande. Swala aliyesema ni mvua akanyimwa kiazi. Kesho yake ikatoka amri kwamba mikia ishushwe, isije ikalowa. Ikashushwa. Wanyama wakawa wanaulizana njiani, meno yakigongana, umande umewaamkiaje, na kujibizana kuwa ni wa kutosha, alhamdulillahi.

Wana wa Pimbi wakalia njaa. Pwa, pwa, pwa. Siku ya tatu maji yakaingia kwa Ngiri. Naye Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, na tumbo lilikuwa limejaa viazi vya watu. Akakwama, pua nje, akaita achimbuliwe. Kwato zikaja mbio. Pimbi akaketi mlangoni.

"Tuchimbe kwa nini, Mheshimiwa? Umande haujazi shimo."

"Ni unyevunyevu tu, Bi Pimbi. Chimbeni."

"Unyevunyevu utakauka. Jamani, twendeni zetu."

Maji yakafika kidevuni. Glu, glu.

"Ni maji, mwanangu."

"Maji ya nini?"

Ngiri akawatazama wote, akameza funda moja. "Ya mvua."

"Sema na wa nyuma wasikie, baba."

"Ya mvua!"

Mikia yote ikasimama bila kuamriwa. Ngiri akachimbuliwa, zamu ikaisha, viazi vikatolewa vikichuruzika, na wana wa Pimbi wakala mpaka wakasinzia.

Ngano yangu imefika. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aniachie hapa hapa. Fundisho lake ni kwamba msibishane na wakubwa kuhusu hali ya hewa.

Nawe uliye karibu na mlango, nakuomba unisogezee ndoo. Paa linavuja.