Kwa Nini Jiwe Jeupe la Lipari Huelea

Sogeeni, na mwenye neno alimeze kwanza, maana habari hii ni ya zama zile mawe yote ya dunia yalipokuwa mazito, na hakuna hata moja lililojua kuelea.

Kaskazini mwa Sisilia kuna visiwa saba vilivyozaliwa na moto chini ya bahari. Kimojawapo huitwa Lipari. Siku hizo mlima wake ulitema aina moja tu ya jiwe: jeusi, zito, linalong'aa kama kioo. Watu walilichonga visu, wakaridhika. Mlima wenyewe haukuwa na raha. Kila ulipotema uliguna kama mtu anayetapika mifupa.

Kisiwani hapo aliishi mwoka mikate aliyeitwa Tindara, pamoja na mumewe Gaetano na mama mkwe wake, Bibi Bastiana, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Tindara alikuwa na chungu cha chachu alichoachiwa na marehemu mama yake. Kila jioni alikitia unga na maji kidogo, na kila alfajiri alikikuta kimefura. Lipari nzima haikuwa na chachu nyingine, na Tindara hakuwa na ukumbusho mwingine wa mama yake.

Mwaka mmoja, Gaetano akiwa ng'ambo katika kisiwa cha Salina kuvuna zabibu, mlima ulianza kuvimba. Visima vilichemka. Mbuzi waliteremka pwani bila kuswagwa. Kisha mawe meusi yakanyesha, yakazitoboa mashua zote ghubani, zikazama watu wakiziangalia. Moto ukawa nyuma yao, bahari mbele yao.

"Nenda na wenzako, mwanangu," Bibi Bastiana alimwambia mkwewe. "Mimi chumvi niliyokula inatosha."

"Na Gaetano akiniuliza mama yake yuko wapi, nimjibu nini?"

Tindara akambeba mgongoni mpaka ufukweni. Alipokuwa akimketisha mchangani, ardhi ilitetemeka na sauti ya mlima ikasikika. Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa ya mgonjwa.

"Tumbo linanisokota," mlima ulisema. "Mawe haya nikiyatoa yananichana koo. Nikiyazuia, nitapasuka."

Watu walijifunika nyuso. Bibi Bastiana peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," alisema. "Kama mtu aliyekula mkate usioumuka."

Tindara alimtazama. Halafu akainuka, akarudi mjini mbio, akachukua kile chungu na kuanza kupanda mlima, ushungi ukiwa umemfunika pua. Mawe yalianguka kulia na kushoto kwake. Alipofika kwenye kinywa cha mlima alikifunua chungu, na harufu yake ilikuwa ile ile ya mikono ya mama yake. Alisita. Alikikumbatia kidogo, kama mtu anayeagana na mgeni huku hataki aondoke. Kisha akamimina chachu yote motoni.

"Meza polepole," aliuambia mlima, kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa.

Mlima ulinyamaza. Baadaye ukacheua, mcheuo mrefu wa kushusha pumzi, na mawe mapya yakaruka juu: meupe, yaliyofura, yenye vitundu tele kama nyama ya mkate. Moja likamwangukia Tindara begani. Alijikunyata akingoja mfupa uvunjike, lakini jiwe liliruka kando kama ganda la mkate. Akacheka peke yake kule juu, machozi yakimtoka.

Mawe yale yalianguka baharini yasizame. Yalirundikana mpaka yakatandaza sakafu nyeupe kati ya Lipari na Salina, ikipanda na kushuka kwa mawimbi. Watu walitandika mbao na matanga juu yake, wakavuka na mbuzi wao. Tindara alivuka wa mwisho, mama mkwe mgongoni. Kabla hawajafika, Gaetano aliwakimbilia, akizama magotini katika mawe, akampokea mama yake huku akilia.

"Usinililie mimi," Bibi Bastiana alimwambia. "Mpe mkeo maji. Ametoka kulisha mlima."

Mlima ulilala usingizi. Watu waliporudi walikuta nyumba zimefunikwa kwa mawe mepesi lakini zimesimama, wakafagia mapaa yao wakiimba. Majira yale ya baridi Tindara aliwaokea mikate bapa, isiyoumuka, na hakuna aliyelalamika.

Na tangu siku hiyo, jiwe jeupe la Lipari lina vitundu, na huelea majini. Ndilo lile ambalo watu husugulia visigino hata katika nchi za mbali. Nao wenyeji wa Lipari, mlima ukiguna, hawaanzi kwa kupiga mayowe. Mmoja wao huteremka pwani, huokota jiwe lililoanguka, hulitupa baharini. Likielea, hurudi nyumbani, na wote humalizia chakula chao.