Nishikie Kasia

Hapo zamani, ila si zamani ya mbali hivyo, palikuwa na tanuri la mikate katika mji mmoja wa milimani, na mwenye tanuri aliitwa Mzee Mwakifuna. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikishaanza sirudi nyuma.

Mchomaji wa tanuri hilo alikuwa Tuntufye, binti mwenye mikono iliyozoea moto. Mikate aliiingiza kwa ubao wenye mpini mrefu, ambao wenyewe waliuita kasia. Kasia lilikuwa moja tu, na aliyelishika ndiye mchomaji. Wengine wote walikanda unga.

Siku moja Tuntufye akaitwa mafunzo ya mgambo. Kwenda alitaka, tena sana, ila kazi ile ndiyo iliyokuwa maisha yake.

"Nenda, mwanangu," Mzee akamwambia. "Sheria inasema anayeitwa mgambo atarudi aikute kazi yake. Na hata isingesema, mimi nimesema. Nafasi yako haiguswi."

Tuntufye akamkabidhi kasia mkanda unga mmoja, Lugano. "Nishikie," akasema.

"Nimekushikia, dada," Lugano akajibu.

Basi binti akaenda. Akapiga kwata mpaka soli zikalika, akabeba mifuko ya mchanga, akalala chini na kuamka akiimba. Hakuwahi kujionea fahari kama siku zile.

Huku nyuma tanuri likapasuka, likaporomoka lote. Mzee akashika tama. Lugano hakushika tama. Alifyatua matofali, akajenga, akakandika, na mkate wa kwanza ukatoka mzuri kuliko ile ya zamani. Mzee machozi yakamlenga.

"Shika kasia, Lugano," akasema. "Ni lako."

Mmelisikia neno hilo? Mmoja kasema nishikie, mwingine kasema shika. Ndipo shughuli ilipoanzia.

Maana mafunzo yalipokaribia kwisha, mto upitao mjini ulifurika. Mgambo wakapelekwa kuuzuia. Tuntufye akasimama kwenye maji ya kiuno akipanga mifuko ya mchanga, na nyuma yake ndiko lilikokuwa tanuri. Maji hayakupita. Mji ukatoka kwa vigelegele, naye akaingia kwa Mzee na magwanda yake yenye matope, kifua mbele, habari ya neno la Mzee kwa Lugano ameshaipata njiani, akanyoosha mkono.

"Nipe kasia langu, Lugano. Nilisema nishikie, sikusema shika."

"Nakuonea fahari, dada, Mungu ananiona," Lugano akasema. "Lakini tanuri uliloniachia lilianguka. Hili nimelijenga mimi."

"Na lingekuwa wapi leo, nisingesimama mtoni?"

"Lingekwenda na maji," Lugano akakubali. "Na wewe ungelinda nini, nisingejenga?"

Wakamgeukia Mzee. Mzee akainamisha kichwa.

"Nyote niliwaahidi kwa moyo mmoja," akasema, "na nyote mmenipa sifa katika mji huu. Sijui neno lipi nilimeze."

Akalichukua kasia, akaliweka juu ya meza katikati yao. Unga ulikuwa umeumuka, moto umekolea, na watu wenye njaa wamejaa mlangoni. Tuntufye alitaka kulia, hakulia. Alisimama wima kama alivyofundishwa, na Lugano naye akasimama wima, ingawa yeye hakufundishwa na mtu.

Haya, ninyi mnaokula mkate wa tanuri lile, semeni, maana unga haungoji. Je, nani alistahili kulinyanyua kasia?