Reli Isiyo na Mwisho ya Sultani Mwengo

Hapo zamani, treni ilipokuwa bado jambo geni kwa watu, palikuwa na sultani aitwaye Mwengo. Yeye alikaa mji wa Zingwe, na dada yake, Bi Rahme, akakaa mji wa Matuli, mbali sana. Kati ya miji hiyo miwili mikubwa palikuwa na miji midogo mingi, na mmojawapo uliitwa Kibole. Huko aliishi fukara mmoja, Kirobo, msuka vikapu, pamoja na mkewe Mize. Binti yao aliolewa Matuli, naye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Lakini Mize aliumwa miguu, hawezi safari ndefu. Basi akawa anamjua mjukuu wake kwa habari tu.

Ikawa Sultani akatangaza kwamba atajenga reli ya abiria. Wazee wa miji midogo wakaja barazani, na Kirobo akafuatana na wale wa Kibole. Huyu akasema, "Isimame kwetu, Bwana, tuna soko." Yule akasema, "Isimame kwetu, tuna wagonjwa." Sultani akachoka nao, akapiga mguu chini.

"Treni yangu ni ya haraka! Haitasimama mahali popote, na atakayeisimamisha atahama nchi hii!"

Sheria ikapigwa mhuri. Wazee wakaondoka wameinamisha vichwa, akabaki Kirobo, anatabasamu.

"Ewe msuka vikapu, wachekea nini?"

"Nafurahi, Bwana wangu. Treni itapita nyuma ya jiko letu. Mke wangu ataipungia mkono, nayo imfikishie mjukuu wetu mkono huo."

Waziri akajikohoza ili asicheke. Sultani akakasirika, akanena, "Wanidhihaki? Basi njia utaipanga wewe! Treni isisimame, na watu wote wa nchi yangu wafurahi. Akilalamika hata mmoja, wewe na mkeo mtahama."

"Kusikia ni kutii," akajibu Kirobo.

Akaenda zake, akarudi na pete kubwa ya ukindu, akaitandaza mkekani mbele ya Sultani. "Njia ndiyo hii. Yatoka Zingwe, yapita Kibole, yapita Matuli, yazunguka milima, kisha yarudi Zingwe."

"Na mwisho wake uko wapi?"

"Hauna mwisho, Bwana. Reli yenye mwisho humlazimu dereva kusimama, naye ana watoto, nisingependa ahame."

Sultani akapendezwa mno. Reli isiyo na mwisho, kwa ufalme usio na mwisho! Akaamuru ijengwe, ikajengwa.

Siku ya kuizindua, Sultani akapanda pamoja na waziri na Kirobo. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi, maana Bi Rahme alimwandalia biriani Matuli, naye alitaka kuitendea haki. Treni ikang'oa nanga. Kibole wakaipita, watu wakipunga mikono. Wakakaribia Matuli, ngoma zikalia, harufu ya biriani ikaingia dirishani, na Bi Rahme akaonekana na mwavuli wake. Treni ikapita vuu!

"Kaka! Kaka, waenda wapi?" akapiga kelele Bi Rahme.

"Mbona hatusimami?" akauliza Sultani.

"Sheria, Bwana," akajibu Kirobo kwa upole.

Wakazunguka milima, wakapita Zingwe, wakarudi tena Matuli. Safari hii Bi Rahme aliinua paja la kuku juu kabisa. Sultani akatoa mkono dirishani, akaambulia upepo. Mara ya tatu wageni walikuwa wamekwisha kuanza kula, nawe wajua wageni walivyo mbele ya biriani.

"Kirobo!" akanguruma Sultani. "Nina njaa! Umesahau agano letu? Akilalamika hata mmoja!"

"Sikusahau, Bwana. Hebu tazama nje. Watu wamejaa kando ya reli, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nchi nzima mlalamishi ni mmoja tu, naye yumo humu ndani. Hata hivyo agano ni agano. Niko tayari kuhama, ila sharti kwanza nishuke."

Waziri akatazama dari. Kisha tumbo la Sultani likanguruma, na Sultani mwenyewe akaangua kicheko, akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Dereva, simama!"

"Bwana, nina watoto mie!"

"Naifuta sheria! Simama hapa hapa!"

Na hapo palikuwa Kibole, nyuma ya jiko la Mize. Mize akatoka akijikongoja, na sufuria ya maharage ya nazi mkononi. Sultani akaketi juu ya reli, akala, akaomba tena, akala.

"Mama, hapa panaitwaje?"

"Kibole, Bwana."

"Basi hii ndiyo stesheni ya kwanza. Na kila mji utakuwa na yake. Kirobo, wewe ndiwe mpangaji wa njia zangu zote tangu leo."

Kisha akamshika Mize mkono, akampandisha, akamketisha katika kiti chake mwenyewe cha mahameli. Treni ikaenda, na Matuli ikasimama.

"Biriani imekwisha, kaka," akasema Bi Rahme, amenuna.

"Usijali, dada, nimeshiba maharage."

Lakini Mize hakusikia hayo yote. Binti yake alikuwa amekwisha kumwekea mtoto mapajani, na mtoto alikuwa amekishika kidole cha bibi yake, hataki kukiachia.