Yai la Mama Pugi

Paukwa!
Pakawa!
Nyie mmelala? Itikieni kama watu waliokula! Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale sana, kulikuwa na msitu wa ndege, na ndege hao walikuwa na adui mmoja, Kenge. Kenge alipanda miti taratibu, kwaru, kwaru, kwaru, akaingiza kichwa kiotoni, akala mayai. Leo ya Mnana, kesho ya Chiriku. Ndege wakalia, kila mmoja kivyake.

Siku moja wakachoka. Wakakutana, wakaunda chama, Chama cha Mabawa. Mwenyekiti akawa Hondohondo, yule wa mdomo mkubwa na sauti kubwa. Msemaji akawa Kunguru. Wakajiwekea sheria moja tu: yai likiguswa, ndege wote wapige kelele, wote wamshukie mwizi. Isiulizwe mwizi ni nani. Isiulizwe yai ni la nani.

Hondohondo akanguruma, "Yai ni yai!"
Ndege wakaitikia, "Ni yai!"

Na kweli, ilifanya kazi! Kenge akapanda, kwaru, kwaru. Chiriku akalia. Msitu mzima ukalipuka kwa kelele! Wakamshukia, do! do! do! Wakamtoboa jicho. Kenge akaanguka, puu! Akajikokota hadi mtoni, na miti hakuipanda tena. Aliyekuwa mbele siku ile ni Mama Pugi, yule njiwa mdogo wa vichakani. Alirudi bawa limenyonyoka, na bado anacheka.

Mvua zikaja. Mama Pugi akataga mayai mawili. Kiota cha Pugi mnakijua, vijiti vichache tu, hata upepo unapita. Mke wa Hondohondo yeye hutagia ndani ya shimo la mti, mlango ukazibwa kwa tope, ukabaki ufa wa kupitishia chakula. Mayai yake nani atayafikia? Hakuna.

Asubuhi moja Mama Pugi katoka kutafuta mbegu. Kurudi, anamkuta Kunguru kiotoni, ute unamchuruzika mdomoni. Yai moja limeliwa.

"Jamani, yai! Jamani, yai!" akalia.

Kimya. Kunguru akajipangusa mdomo kwenye tawi, akaruka zake, wala hana haraka.

Mama Pugi akaenda mbio kwa Hondohondo. "Mwenyekiti, Kunguru kanilia yai!"

"Shh! Punguza sauti, Mama. Una hakika?"

"Nimemwona kwa macho yangu!"

"Labda lilikuwa limeoza. Labda alikuwa analikagua."

"Kenge alipokula ya Chiriku, uliuliza kama yameoza?"

Hondohondo akakunja uso. "Kenge ni Kenge. Kunguru ni mwenzetu. Bila mdomo wa Kunguru chama hiki kingesikika wapi? Tukimdonoa leo, Kenge atatucheka."

"Na yai langu?"

"Chama kitalishughulikia. Jambo la ndani hilo."

Mama Pugi akapiga magoti. "Baba, limebaki moja. Atarudi. Sitaki adonolewe, sitaki afukuzwe. Pigeni kelele tu. Akisikia kelele ataondoka."

"Nenda nyumbani, Mama. Tutakaa kikao."

Wakakaa kikao. Wakaongea mpaka jua likasimama utosini. Wakatoa tamko: Chama cha Mabawa kinalaani vikali ulaji wa mayai unaofanywa na Kenge. Tamko likasomwa na nani? Na Kunguru! Msicheke. Hapa hapachekeshi.

Kunguru alipomaliza kusoma, akaenda moja kwa moja kwenye kiota cha Pugi. Mchana kweupe. Mama Pugi akalalia yai, akatandaza lile bawa lililonyonyoka. Akalia, "Jamani! Jamani, jamani!"

Ndege wote walikuwepo, wanasikia. Mnana akajichokonoa manyoya. Chiriku, yule aliyepiganiwa, akageuka akatazama mawingu. "Mimi nina watoto," akajisemea. Kunguru akamsukuma Mama Pugi pembeni. Ka! Yai likapasuka.

Jioni chama kikafanya msiba. Hondohondo akalia machozi, tena mengi. Kunguru akabeba ganda mbele ya umati. Wakashuka mtoni, wakamkuta Kenge kajilaza kwenye matope, mzee, jicho moja.

"Muuaji huyu hapa!" akapiga kelele Hondohondo. "Mama Pugi, njoo mbele. Waambie wenzako nani kala mayai yako."

Mama Pugi akamtazama Kunguru. Akawatazama ndege, msitu mzima wa ndege. Akafikiria mvua zijazo, atakapotaga tena, na kiota chake ni kilekile, na majirani ni walewale.

"Ni Kenge," akasema.

Wakamshukia Kenge, do! do! do! mpaka akatulia.

Nasema waziwazi, msije mkasema hamkusikia. Chama kinachopigia kelele kosa la adui na kunyamazia kosa la mwenzao hakina msimamo, kina maadui tu. Na kikikaa hivyo, hata aliyeonewa hujifunza kusema uongo ili aishi.

Hadithi yangu naitua hapa, maana mbele yake hakuna kizuri. Nendeni mkalale.