Yai la Kijani Nyuma ya Kuni

Wapendwa, fumbeni macho kidogo. Msilale tu, maana nawajua. Twendeni kwenye boma moja kule milimani, asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jikoni. Unasikia kuku wakitetea, lakini humwoni anayetetea.

Hapo aliishi mama mmoja na mkwe wake, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini mbali. Kuku wa mama walikuwa chotara wa kila namna. Huyu anataga yai jeupe, yule la kahawia, mwingine lenye madoadoa, na mama aliwapenda wote. Mkwe alipoolewa alikuja na mtetea mmoja kikapuni kutoka kwao, na mtetea huyo, jamani, alitaga yai la kijani! Kijani kilichopauka, unalishika huku unajiuliza kama uko macho.

Sasa mnajua desturi yetu. Ukiokota mayai, unaacha moja kiotani, kesho kuku arudi kutagia pale pale. Siku moja mkwe akaokota, akaliacha lile la kijani. Mama akaliona.

"Ebo! Ndilo la kuwaonyesha kuku wangu hili?"

"Mama, ni yai tu."

"Kwenu ni yai. Hapa ni mkosi!"

Akalivurumisha nyuma ya rundo la kuni. Kiotani hakubakiza kitu.

Kesho yake, kiota kitupu. Keshokutwa, kitupu. Kuku wanatetea humo ukunguni, mayai hakuna. Mara mtetea wa mkwe naye akapotea. Wiki zikapita, mama akimtazama mkwe wake kwa jicho la pembeni, mwisho akashindwa kujizuia.

"Unayauza wapi mayai yangu? Kuku wako ametoroka kwa aibu. Wewe unangoja nini?"

Niambieni, ndivyo binti wa watu anavyoambiwa? Alilia, akafunga nguo zake kwenye kanga, akatoka, ukungu ukamfunika.

Mama akaenda kuchukua kuni apike chai yake ya peke yake. Kuni za mbele zilikuwa zimeisha, akavuta gogo la nyuma. Akasikia pii, pii, pii. Juu ya majani makavu ya mgomba alikuwa amekaa mtetea wa mkwe, na chini ya mbawa zake vifaranga wanachungulia, weusi, weupe, wenye madoa. Maganda yametapakaa, meupe na ya kahawia. Katikati yao lile yai la kijani, halikuvunjika, wala halikuanguliwa.

Ndipo akaelewa. Kuku hutagia anapoona yai. Kiota alikiacha kitupu yeye mwenyewe, na yai pekee lililobaki kuwaita kuku wake ni lile alilolitupa.

Hakufunga hata mlango. Akakimbia ukunguni akiita, "Mwanangu! Mwanangu!" Alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

Sauti ikajibu kwa mbali, "Mama, mayai umeyapata?"

"Nimeyapata. Yote yalilifuata lile lako."

Binti akarudi, maana alikuwa na moyo kutushinda mimi na ninyi.

Haya, fumbueni macho. Sisi tunalalamika kila Jumapili humu kanisani kwamba vijana wametukimbia huku kwenye viti vya mbele, tunatafuta nani kawaharibu. Hebu tazameni nyuma, kile kiti cha karibu na mlango. Wamekaa pale waliohamia kwetu, wenye lafudhi ya kwao, ambao hatujawauliza hata wamelalaje. Na watoto wetu wamekaa wapi? Si hapo hapo, pamoja nao? Mmewahi kujiuliza kwa nini?

Inaniuma, nasema kweli. Basi msiningoje nitoe baraka. Inukeni sasa hivi, nendeni mkawasalimie, maana nje ukungu bado haujaondoka na wao ndio wako karibu na mlango.