Kwa Nini Zeze la Nne Halimalizi Wimbo

Enzi hizo mawe yalikuwa bado na masikio, na zeze lilipigwa na mtu mmoja peke yake, uani, watu wakipita na mizigo yao. Habari ya mazeze manne kukaa chumbani, mlango umefungwa, haikuwapo. Ililetwa na Mwaja, mke wa Chilewa, na ninyi mnaochekacheka huko nyuma mtanyamaza wenyewe.

Chilewa alikuwa mrina asali. Mwaka mmoja wa ukame, nyuki walibaki juu ya mwamba wa Chigolwe tu, ule mrefu uliosimama wima. Mwiko wake ulijulikana hata kwa watoto: aliye mwambani haitwi jina mpaka nyayo zake zote mbili ziguse chini, maana jiwe likilisikia jina humshika mwenyewe. Chilewa alipanda bila kamba, mkono, mguu, mkono, mguu, na kijiji kizima kikawa roho mkononi. Alipofika kileleni akapunga mkono. Furaha ilimzidi Mwaja.

"Chilewa!" akapiga kelele.

Kilele kikawa kitupu. Hakuanguka, wala hakushuka.

Mwaja aliumia kupita kiasi, kwa kuwa kosa lilikuwa lake. Lakini hatua zote za mumewe alikuwa amezishika kichwani. Akazitungia wimbo wa kumshusha, kuanzia kileleni kuja chini: zeze la kwanza mkono wa kulia, la pili mkono wa kushoto, la tatu mguu wa kulia. La nne, mguu wa kushoto, alilishika mwenyewe. Yeye na wenzake watatu wakajifungia chumbani mchana wa jua kali, wakaanza kupiga.

Nje, kiganja kikapapasa ukuta. Kikafuata cha pili. Udongo ukamomonyoka, kisha mguu mmoja ukatua chini kwa kishindo. Ulibaki mlio mmoja tu, wa Mwaja.

"Mke wangu," sauti ya Chilewa ikasema nje ya mlango, "niite jina langu, nimalizie kushuka."

Mwaja akafungua kinywa. Mara akaukumbuka mwiko. Mrina asali gani angeomba kuitwa jina kabla hajagusa chini? Akauinua upinde juu ya uzi, akaushikilia hivyo hadi sauti ilipochoka kuomba.

Na tangu siku hiyo mazeze manne hupigwa chumbani. Matatu humaliza, mpigaji wa nne huinua upinde na kunyamaza, na wasikilizaji hutoka bila kuitana majina. Alama za viganja viwili ukutani husiribwa upesi, na unyayo mmoja hufagiliwa, watoto wasiuone. Mwaja alilipiga zeze lile mpaka uzee wake, na kila alipouinua upinde alilia, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya mumewe kabisa, na hakupata kuwa na hakika kama ni yeye aliyeomba au ni jiwe.